Mkono wa Kusimamisha Treni

Jumatatu, 2 Machi

Mwalimu wa Kiswahili ametugawia madaftari, moja kwa kila mwanafunzi wa darasa la saba, tuandike shajara mpaka mwisho wa muhula. Masharti ni mawili. Tuandike tulichokiona kabla ya tulichokihisi, na tusichane ukurasa hata tukiona haya. Amesema hatasoma ndani, atahesabu kurasa tu.

Nilichokiona leo: mawingu upande wa kilimani, na mafundi wakipaka mstari wa njano kwenye jukwaa la stesheni mpya. Nilichokihisi nitaandika Jumatano.

Jumatano, 4 Machi

Treni imekuja. Ilipaswa kufika saa sita kamili, ikafika saa sita na dakika nane. Injini ya buluu na mabehewa manne, la mwisho la mizigo. Shule ilifungwa mapema, na watu walijaa jukwaani mpaka wengine wakapanda juu ya marundo ya kokoto. Honi ilipopigwa watoto wadogo walilia. Wazee wawili watatu nao walishtuka, ila wakajifanya wanakohoa.

Kabla haijafika, mkuu wa stesheni alisimama juu ya benchi akatueleza utaratibu. Yeye ni mgeni. Alikuja mwezi uliopita na sanduku moja na pasi ya mkaa, na anakaa peke yake katika chumba cha nyuma ya ofisi. Treni itapanda kutoka mjini kila Jumatano na Jumamosi, ilale stesheni ya mwisho huko juu, kisha ishuke kurudi mjini Alhamisi na Jumapili. Stesheni yetu ni ndogo, kwa hiyo haitasimama bila sababu. Anayetaka kupanda asimame kwenye mstari wa njano ainue mkono, dereva atamwona. Anayetaka kushuka amwambie kondakta mapema, kabla ya daraja la pili. Ikisimama, inasimama dakika tatu. "Dakika tatu tu," alisema na vidole vitatu hewani, na akarudia mara nyingi mno, hata kabla jua halijazama kila mtu alikuwa anamwita Dakika Tatu.

Sasa nilichokihisi. Mama anafanya kazi mjini, katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Hupumzika Jumamosi na Jumapili mara moja kwa mwezi. Kutoka kwake mpaka hapa ilikuwa siku mbili, lori, basi na nusu siku ya mguu, na mvua ikinyesha hata lori hukwama. Ana miaka miwili na miezi minne hajaja. Kila nilipomuuliza Bibi kwa nini, jibu lilikuwa neno moja: barabara. Simu nazo huku hazishiki, mnara wenyewe bado ni ahadi. Kwa treni ni saa sita tu. Atatoka alfajiri, mchana atakuwa hapa, alale, kesho yake arudi.

Wakati tunaondoka stesheni, jirani yetu ambaye watu humwita Mama Redio alitusogelea. Alimwambia Bibi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Barabara tumeisikia miaka miwili. Sasa tungoje tusikie reli nayo ina ubaya gani."

Bibi hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika wangu, na uliubana.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Treni ilishuka bila kusimama. Zoezi la Hesabu: makosa mawili.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimecheka, na sijacheka siku nyingi, kwa hiyo naandika.

Watu kama thelathini walikwenda kuitazama treni. Ilipotokeza kwenye kona, kila mtu akainua mkono kuisalimu, kwa sababu huku kwetu kitu kinachokuja kutoka mbali kinasalimiwa. Dereva akaona mikono thelathini kwenye mstari wa njano. Akafunga breki. Mabehewa yakagongana, treni ikasimama. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka.

Dereva akachungulia akauliza nani anasafiri. Mzee kinyozi akamjibu kwa heshima zote, "Hakuna, baba. Tulikuwa tunakusalimu tu. Huko utokako hawajambo?"

Dakika Tatu alikimbia huku na huku akifuta jasho. Dereva alisema mengine ambayo Mwalimu asingependa niyaandike.

Nilipomsimulia Bibi alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Yeye ni mshonaji na hasimamishi cherehani ovyo.

Jumapili, 8 Machi

Nimemwandikia Mama barua. Nanakili hapa sehemu niliyoipenda:

"Mama, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Stesheni yetu ina mstari wa njano. Ukisimama pale ukainua mkono, treni nzima inasimama. Nimeona kwa macho yangu. Siku utakayokuja nitasimama pale niinue mkono, isimame, ushuke. Ni rahisi namna hiyo."

Nimeitia katika sanduku la barua la stesheni.

Jumatano, 11 Machi

Treni imesimamishwa tena kwa salamu. Mchana Dakika Tatu alikuja shuleni akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Akatuambia tukawaambie wazazi kwamba mkono ni ombi, si salamu. Wavulana wa nyuma wakainua mikono. Akawauliza wanasafiri kwenda wapi. Darasa likaangua kicheko naye akatoka bila kuaga. Niliona anajidai. Sare kama ile, kwa ajili ya nani?

Jumamosi, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Treni haikusimama. Bado hakuna barua.

Jumanne, 17 Machi

Nimeanza kupitia stesheni nikitoka shule, hata siku zisizo na treni. Kuna benchi na kuna paa. Nyumbani mvua hupiga bati mpaka mtu hawezi kusoma, na Bibi akishona hasemi.

Dakika Tatu hanifukuzi. Nasema shikamoo, anaitikia marahaba, binti, basi. Ana simu ya kazi ukutani, inafika stesheni nyingine tu. Siku za treni husema ndani yake, "Ndiyo. Imepita. Saa sita na dakika nane," kisha huiweka. Leo nimegundua kwamba hayo ndiyo mazungumzo yake yote ya siku nzima.

Jumapili, 22 Machi

Nilimwomba Bibi amshonee Mama gauni, lile la kitambaa cha maua madogo kilichokaa ndani ya sanduku. Amesema hakati kitambaa kwa ajili ya mtu ambaye hajasema anakuja. Naona ni roho ngumu.

Jumatano, 25 Machi

Leo nimefanya jambo na lazima niliandike, kwa sababu ya sharti la Mwalimu.

Wiki mbili sasa watu wamejifunza. Wanakaa nyuma ya mstari wakati treni inapita, mikono mifukoni. Leo ilikuwa inanyesha, shule ikatuachia mapema, na stesheni hapakuwa na mtu ila mimi. Dakika Tatu alikuwa ndani anaandika. Nikaisikia treni darajani. Nikafikiri: labda Mama yumo ndani. Labda amekuja bila kuandika, kunishtua, na hajui pa kushukia. Ikipita bila kusimama sitajua kamwe kama alikuwamo.

Nikasimama kwenye mstari wa njano nikainua mkono.

Nilijua sheria. Mzee kinyozi hakuijua, mimi nilijua.

Ikasimama. Nikatembea kando ya mabehewa yote matatu ya abiria, dirisha kwa dirisha, nikitazama nyuso. Wengine walikuwa wamelala, vinywa wazi. Mwanamke mmoja mwenye kilemba alinitazama, nikasimama, lakini hakuwa yeye. Nilikuwa nimefika behewa la mizigo kondakta aliponishika bega. Akaniuliza kama ninapanda. Nikasema hapana. Akaniuliza namsubiri nani, nikasema Mama.

"Amesema anakuja leo?"

"Hapana."

Alinitazama kidogo. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akapuliza filimbi, treni ikaondoka. Dakika Tatu alikuwa amesimama mlangoni, kalamu mkononi. Nilirudi nyumbani bila kuaga, kama alivyofanya yeye siku ile shuleni.

Alhamisi, 26 Machi

Sikupitia stesheni.

Jumatatu, 30 Machi

Tangazo limebandikwa stesheni, lina muhuri. Kuanzia sasa madereva hawatajali mkono wa mtu yeyote. Anayepanda ataandikishwa ofisini kwanza, kisha mkuu wa stesheni ataonyesha kibao cha kijani. Pasipo kibao treni inapita. Ikisimamishwa tena bila abiria, stesheni yetu itaondolewa katika orodha ya vituo.

Nilisoma mara tatu. Dakika Tatu alikuwa anafuta vumbi kwenye kibao kipya, cha duara, ukubwa wa sinia. Nikamwuliza kama aliniandika jina kwenye ripoti. Akasema aliandika "mtu mmoja". Nikamwuliza kama yeye alipewa karipio. Akasema karipio ni karatasi, halilii njaa, analiweka tu kwenye faili.

Mama Redio naye alikuwapo, akafurahi. Alisema sasa angalau tutapunga mkono kwa raha zetu bila kumsumbua mtu.

Jumamosi, 4 Aprili

Barua! Imekuja na treni ya leo. Nimeisoma hata naweza kuiandika bila kuitazama:

"Mwanangu mpendwa, mwezi huu zamu yangu ya kupumzika nimemwachia mwenzangu, ana mgonjwa. Nitakuja Jumamosi tarehe tisa Mei. Lazima nirudi Jumapili yake, Jumatatu niko kazini. Nimefurahi ulivyonieleza habari za mkono. Mimi safari za treni sizijui na naona aibu kuulizauliza watu. Nitakaa dirishani tu. Nikikuona umeinua mkono nitajua nimefika."

Bibi aliomba nimsomee mara ya pili. Kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa kile kitambaa cha maua madogo, akakitandaza mezani na kushika mkasi. Nikamwuliza vipimo vya Mama atavipata wapi. Akasema, "Nimemzaa, niulize vipimo?"

Kumbe haikuwa roho ngumu. Alikuwa anaogopa kukikata bure.

Jumapili, 5 Aprili

Lazima nimwandikie Mama kwamba mkono hausimamishi treni tena. Lakini ataniuliza kwa nini.

"Mama mpendwa, utaratibu umebadilika kidogo kwa sababu"

Sikuendelea.

Jumatano, 8 Aprili

"Mama mpendwa, usisahau kumwambia kondakta, maana kuna mtu mmoja alifanya"

Mvua imeingia kwa dirisha, nimefunga daftari.

Jumapili, 12 Aprili

Nimefikiri. Kondakta lazima atakagua tiketi yake na kumwambia. Ndiyo kazi yake. Hakuna haja ya kuandika.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mvua. Mto umefika magotini mwa daraja la miguu.

Jumanne, 21 Aprili

Leo Dakika Tatu amenipa chai. Ana vikombe viwili na kimoja bado kilikuwa na karatasi ya dukani chini yake. Nilimwuliza kama ana watoto. Anao watatu, kwenye reli nyingine upande wa pili, na ana mwaka mzima hajawaona. Nilishangaa. Nikamwambia yeye anakaa juu ya reli kabisa, kwa nini haendi, kwa nini hawaji?

Akasema, "Binti, njia ilikuwa sababu ya kwanza. Ikiondoka hiyo, ndipo unaziona zilizokuwa nyuma yake."

Sikupenda jibu hilo. Nimelirudia kichwani njia nzima mpaka nyumbani na bado silipendi.

Jumapili, 26 Aprili

Gauni limebaki vifungo. Bibi amelitundika mlangoni. Upepo ukiingia linajaa kama lina mtu ndani.

Jumamosi, 2 Mei

Wiki moja. Nimefua sare. Nimetandika kitanda cha Mama, kisha nikakitandua nikakitandika tena.

Jumatano, 6 Mei

Ningetaka kuandika barua sasa ningekuwa nimechelewa. Barua za kwenda mjini hushuka kesho, zigawiwe Jumatatu.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika kwa utaratibu, nilichokiona kwanza.

Nilifika stesheni saa nne. Bibi hakuja, magoti yake hayapendi matope. Alisema atapika na kusubiri mlangoni, na kwamba yeye hakai kwenye benchi la kungojea watu. Mimi nilivaa sare kwa sababu ndiyo nguo yangu nzuri. Mama Redio alikuwapo, na mzee kinyozi, na wengine kama kumi na tano. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Mama anakuja. Mama Redio alikuwa amejifunga kitenge kipya. Aliniambia nisimame mbele nionekane. Sauti yake haikuwa na kejeli, na hilo lilinishangaza.

Mvua ilikuwa imekatika. Saa tano na nusu nilikwenda ofisini nikamwomba Dakika Tatu aonyeshe kibao cha kijani. Akaniuliza kama kuna anayepanda. Hapakuwa na mtu. Akasema basi hawezi. Akionyesha kibao bila abiria wa kupanda na mtu asishuke, stesheni imekwisha, na hapo hata Mama hatakuwa na pa kushukia tena.

"Lakini anayeshuka anamwambia kondakta," alisema. "Mama yako anajua hivyo?"

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ameinama kidogo ili anisikie vizuri. Nje watu walikuwa wanacheka. Ningesema hapana, hajui, nilimwambia atazame mkono, na sikumwandikia tena kwa sababu ningelazimika kusema ni mimi niliyeuharibu huo mkono.

Nilisema, "Anajua."

Saa sita na dakika tano treni ikalia darajani. Nikasimama kwenye mstari wa njano. Injini ikapita, na upepo wake. Haikupunguza mwendo. Behewa la kwanza. Behewa la pili. Kwenye dirisha la pili kutoka mwisho, mwanamke alikuwa ametoa mwili nusu nje, mkono juu, kiganja wazi, kinywa kikisema kitu ambacho magurudumu yalikimeza.

Alikuwa Mama. Alikuwa ameinua mkono kama nilivyomfundisha.

Na watu wote jukwaani, kumi na tano au zaidi, wakainua mikono yao wakampungia. Walifurahi. Mzee kinyozi alivua hata kofia. Mama Redio aliruka juu akipunga kwa mikono yote miwili. Walidhani anawasalimu.

Nilikimbia mpaka mwisho wa jukwaa, kisha juu ya mataruma ya reli, mpaka kona. Huko kuna kokoto na reli mbili tupu, nazo bado zilikuwa zinalia.

Niliporudi Dakika Tatu alikuwa ameshika simu. Nilimwambia yote mbele ya watu: barua, mkono, siku ile ya mvua, na "anajua" niliyosema. Nilisema bila kulia. Mama Redio alifungua kitenge chake akanifunika mabega, ingawa hapakuwa na baridi.

Simu ya kwanza, ya stesheni inayofuata, ilisema hajashuka. Simu ya mwisho, saa tisa, ilisema ameshuka stesheni ya mwisho, yuko na boksi, amekaa ofisini, amepewa maji. Treni ya kwanza ya kurudi ni kesho. Na kesho ndiyo siku yake ya kurudi mjini.

Nilipomweleza Bibi alikuwa amekaa mlangoni chini ya gauni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kesho treni inasimama muda gani.

Jumapili, 10 Mei

Bibi aliniamsha. Tulitembea polepole, nimebeba gauni ndani ya karatasi, na matope yakamvua kiatu mara mbili. Tulifika mapema mno. Bibi akakaa kwenye benchi la kungojea watu, akaweka mikono mapajani, na hakusema lolote kuhusu hilo.

Nilikuwa nimefikiria kupanda na kwenda na Mama, hata mpaka kituo kinachofuata. Lakini treni ya kunirudisha ni Jumatano, na mitihani inaanza kesho. Bibi alisema Mama hafui mashuka ili mimi nikose mtihani.

Dakika Tatu alikuwa amepiga simu stesheni ya mwisho kuomba kondakta aarifiwe, kisha akapiga tena kuuliza kama ameambiwa. Saa nne na dakika ishirini treni ikatokea upande wa juu. Safari hii ilianza kupunguza mwendo mbali. Ikasimama, na mlango wa behewa la pili ukawa mbele yangu, kana kwamba dereva aliniwekea.

Mama akashuka na boksi. Ni mwembamba kuliko nilivyokuwa namkumbuka, na mikono yake ni myeupe vidoleni kwa sabuni. Akatazama jukwaani. Macho yake yalipita juu yangu yakaenda kushoto, yakarudi, yakapita tena. Alikuwa anatafuta chini, kimo cha kifua chake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake na ninamzidi kidogo.

Nikasema, "Mama."

Akaweka boksi chini. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, na sitaandika sehemu hiyo.

Niliona mkono wa saa ya ukutani na nikajua dakika moja imekwisha. Nikamwambia haraka kwamba ni kosa langu, kwamba niliisimamisha treni mwezi wa tatu ili nimtafute madirishani, ndipo wakaondoa mkono, nami nikaona haya kumwandikia.

"Mwezi wa tatu ulinitafuta?" alisema. Akatazama pembeni, kule kwenye reli. "Mwezi wa tatu nilikuwa na mapumziko. Nilifika stesheni ya mjini na begi, nikakaa, nikairudia njia ya chumbani kwangu. Barabara haikuwa sababu tena. Niliogopa nitashuka nisikujue."

Na kweli, alikuwa ameshuka na hakunijua.

Bibi alikuwa ameinuka. Alimwekea gauni begani, akalipima kwa macho, akalikunja tena, akasema tu, "Nitalipunguza." Mama akampigia magoti. Bibi akamwinua, akamwambia hakuna muda wa hayo.

Kisha Mama akafungua boksi. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi vya shule, vizuri, vya ngozi. Sikuvijaribu. Vilikuwa vifupi kuliko mguu wangu kwa upana wa vidole vitatu. Mama alivitazama, akatazama miguu yangu.

"Nimemnunulia yule niliyemwacha," alisema.

Filimbi ya kwanza ikalia. Dakika Tatu alikuwa amesimama karibu na injini, saa mkononi. Nilimtazama, nadhani kila mtu alimtazama. Treni nyingine ilikuwa inasubiri njia huko chini reli zinapokutana, na asingeweza kuichelewesha hii. Alichofanya ni kutoa penseli sikioni na kuja nayo mpaka tulipo, akampa Mama.

Mama alielewa kabla yangu. Akaichana karatasi iliyofungiwa viatu, akaitandaza kwenye sementi, akapiga magoti. Nikavua kiatu nikakanyaga karatasi. Alizungusha penseli kuanzia kidole gumba, taratibu, akibonyeza, kama mtu mwenye siku nzima. Kila kidole. Upande. Mkono wake ulikuwa na joto kwenye kifundo changu. Karatasi haikutosha, na alipofika kisigino penseli ikatoka nje ikachora kwenye sementi.

Filimbi ya pili. Akaikunja karatasi, akaiweka kifuani, akapanda. Safari hii hakuinua mkono. Alishika dirisha kwa mikono miwili akanitazama tu, mpaka kona.

Dakika Tatu alirudi ofisini, mimi nyuma yake. Alifungua daftari la stesheni, mahali pa tarehe ya leo. Akaandika: Walioshuka, mmoja. Waliopanda, mmoja. Akanionyesha, akaniuliza kama ni sahihi.

Nilisema ni sahihi. Alishuka kweli, miguu yote miwili.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Mtihani wa Hesabu ulikuwa rahisi, wa Sayansi mgumu.

Bibi anasema kipimo kisichokuwa na kisigino si kipimo, kwa hiyo Mama atalazimika kuja kumaliza. Lakini mimi niliazima utepe wake wa kupimia, nikaenda stesheni. Kisigino changu bado kipo pale kwenye sementi, nusu duara, chini ya paa ambapo mvua haifiki. Kutoka mahali karatasi ilipoishia mpaka nyuma kabisa ni sentimita moja na nusu. Nimemwandikia Mama hivyo. Nimemwandikia pia kwamba mkono hausimamishi treni, kwamba amwambie kondakta kabla ya daraja la pili, na kwamba nitakuwa nimekua tena kidogo, anitafute juu.

Barua ilipoingia sandukuni Dakika Tatu alikuwa anafagia jukwaa. Alifagia kuanzia ukutani mpaka mstari wa njano. Alipofika kwenye kisigino aliinua ufagio, akakiruka, akaendelea upande wa pili.